Aliyekosewa Ndiye Apeleke Sale

Huku kwetu juu ya Kibosho, migomba inapokaribia kugusana na msitu, hakuna asiyejua sale. Ni mmea tu, majani marefu ya kijani, mgeni angeupita asiutazame. Lakini mpaka wa kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa, ni masale, kaburi la mzee ni masale, na mtu aliyekukosea akija kwako ameshika sale mkononi, hata kama amekuulia ng'ombe, humnyimi msamaha. Ukimnyima, ole wako wewe na kizazi chako. Halafu sale halifi ovyo. Likate, litupe, likanyage. Likigusa udongo wenye unyevu linaota. Yashike hayo, maana ndiyo yaliyomtoa Filemon jasho.

Dafroza aliolewa na katekista Ambrosi miaka kumi hivi kabla ya Uhuru. Ambrosi alikuwa mwembamba, mtu wa mkono wa kushoto, mwenye koti moja la kijivu alilolivaa masika na kiangazi. Ugonjwa wake ulikuwa kusoma. Wenzake wakishuka Moshi mjini wanarudi na chumvi na mafuta ya taa; yeye anarudi na gazeti kuukuu lililofungiwa samaki, analinyoosha mezani kama shuka, na chakula kinapoa. Dafroza alimkaripia mpaka akachoka, mwishowe akawa anasikiliza. Ndivyo alivyowajua watu ambao hata mapadre hawakuwataja: yule Mhindi aliyekataa kumpiga anayempiga, na yule mchungaji mweusi wa Amerika aliyetembea barabarani na watu wake mikono mitupu, mbwa wa polisi wakiwarukia. Na yule mtawa wa Ujerumani wa zamani, ambaye jirani zetu Walutheri wa Machame wanamsifu, na sisi Wakatoliki tulifundishwa kumtaja kwa sauti ya chini.

"Huyo alikuwa shujaa," Ambrosi alimwambia mkewe, "aliwaambia wakubwa wa Kanisa ukweli usoni. Lakini wakulima walipoinuka nao wadai haki yao, akawageuka, akasema wapigwe. Mama Avelina, mtu anaweza kufungua mlango wa kanisa akasahau mlango wa zizi."

Dafroza alikuwa anamenya ndizi za mtori. Akauliza, "Na wake zao? Hao wakubwa wako wakifa, wake zao wanabaki wapi?"

Ambrosi akafikiri, akakuna kichwa. "Hilo sijalisoma."

"Basi hujasoma kitu," akasema Dafroza, wakacheka wote wawili.

Mwaka 1968 redio ikatangaza kwamba yule mchungaji wa Amerika amepigwa risasi. Jumapili iliyofuata Ambrosi akasimama kanisani, padre akiwa hayupo, macho mekundu. Akasema, "Mnasema aliyekosa ndiye alete sale. Sawa. Na mwenye nguvu, ambaye hata hajui kama amekosa, atalileta lini? Mimi nawaambia, aliyekosewa ndiye apeleke. Bila tusi, bila fimbo, mbele ya watu, leo na kesho, mpaka yule mwenye nguvu aone haya."

Mama yangu! Wazee waliguna kanisa zima likasikia. Sale lirudi nyuma? Huko ni kuuita msiba. Mdogo wake, Filemon, alitoka nje akicheka: "Kaka amesoma mpaka amepinduka."

Miaka mitano baadaye kifua kikambana Ambrosi, akafa. Walimzika katika kihamba chake kama desturi, na koti lake la kijivu, na Dafroza akapanda masale kuzunguka kaburi kwa mkono wake mwenyewe. Mtoto wao alikuwa mmoja tu, Avelina, ameolewa Sanya Juu. Na msiba haujapoa, Filemon akaja.

Siku hizo Filemon alikuwa balozi wa nyumba kumi. Kwenye mikutano hakuna aliyemshinda kwa ujamaa: binadamu wote sawa, unyonyaji ni adui, na makofi pwaa! Sasa akaketi kwa mjane wa kaka yake, akanywa pombe yake ya mbege, akafuta midomo.

"Shemeji, pole sana. Lakini kihamba ni cha ukoo, na wewe huna mtoto wa kiume. Masika yakiisha, uende kwa Avelina."

"Na kaburi la kaka yako?"

"Kaburi halihami. Litatunzwa."

Dafroza alikwenda kwa wazee wa ukoo, wakainamisha vichwa. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Akaambiwa mambo ya ukoo yabaki kwenye ukoo. Mnyonge hana haki, ndiyo hiyo sasa. Alikuwa na hasira, tusifichane. Alitamani kumchomea Filemon nyumba. Badala yake, asubuhi moja, alikata sale mpakani mwake, akapita katikati ya kijiji kila mtu anamwona, akaliweka mlangoni pa shemeji yake, akasema, "Tumsifu Yesu Kristu," akaondoka.

Kesho yake vilevile. Na kesho kutwa.

Filemon alicheka, kisha akakasirika, kisha akawa anayachukua masale na kuyavurumisha nyuma ya nyumba. Mvua za masika zilikuwa zimeanza. Unajua kilichotokea. Yaliota. Akachukua panga akayakatakata, na kila kipande kikaota tena, mpaka yakajipanga kuizunguka nyumba kama mtu ameyapima kwa kamba. Wapita njia wakawa wanaharakisha mwendo. Nyumba iliyozungukwa na masale hivyo si nyumba, jamani. Ni kaburi linalongoja mwenyewe.

Katikati ya masika hayo Dafroza akashikwa na homa kali. Avelina akaja, akamteremsha hospitali mjini, mama akalazwa huko mpaka ukungu ulipoanza kuinuka mlimani. Aliporudi, hata moto hajawasha, Dominika mke wa Filemon akaingia bila hodi.

"Mama Avelina, tumekoma. Nakuomba, acha kutuletea masale."

"Mimi? Mimi nilikuwa kitandani mjini. Si mnajua?"

Dominika aliketi chini palepale. Alijua, kijiji kizima kilijua. Lakini masale hayakukosa hata asubuhi moja. Mbwa hawakubweka. Juzi, akasema, mchana kweupe, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, alimwona mtu kwa mgongo, anaondoka mlangoni pao bila haraka. "Amevaa koti la kijivu," akasema, akainuka kwenda zake.

Alipoondoka, Dafroza alikwenda kaburini. Masale aliyoyapanda yalikuwa yamekatwa, moja moja, mengine bado yanatoa utomvu. Akainama akaitazama mikato. Mkono wa kulia ukikata, mkato unalalia upande mmoja; wa kushoto unalalia mwingine. Alikuwa ameyakusanya majani ya ng'ombe aliyoyakata Ambrosi miaka yote ya ndoa yao, mkato wa mumewe aliujua kama anavyoujua uso wake. Nywele zilimsimama. Halafu, mtanisamehe, akafurahi. Alifurahi mpaka akajiziba mdomo na khanga. Kumbe baba Avelina hajaenda mbali!

Tangu siku hiyo hakuwa na haraka na Filemon. Alasiri, ukungu ukishuka, aliketi karibu na kaburi akimenya ndizi, na mara nyingine alisikia kikohozi kikavu kati ya migomba, kile kile cha mtu anayetaka kusema jambo. "Sema," alikuwa akimwambia. Maji yalidondoka tu kwenye majani ya migomba.

Filemon naye alikuwa anakauka. Mtu aliyejaa shavu akabaki macho tu. Siku moja asubuhi akaja kwa Dafroza, peke yake. Mkononi ameshika sale.

Akasimama uani, hathubutu kuingia. "Shemeji, nimekukosea. Kihamba ni chako mpaka Mungu akuite. Nitasema mbele ya wazee, nitasema mbele ya mwenyekiti. Niondoe kaburini."

Hapo sasa. Mngedhani Dafroza atashangilia. Mwili wake wote ulikataa. Ulimi ulikuwa tayari na maneno: rudi nalo, mpe aliyekuletea. Hasira ilikuwepo, sawa, lakini kilichomshika mkono kilikuwa kingine. Akilipokea sale hili, ugomvi umekwisha. Ugomvi ukiisha, yule wa koti la kijivu atakuwa na kazi gani tena huku?

Akamtazama Filemon. Shemeji yake alikuwa analia kama mtoto, kamasi mpaka midomoni. Na Dafroza akamkumbuka Ambrosi amesimama kanisani, macho mekundu, peke yake mbele ya wazee wanaoguna.

Alinyoosha mkono akalipokea. "Ingia ndani, Filemon. Una njaa."

Filemon alitimiza neno lake mbele ya wazee wote. Dafroza alikaa katika kihamba kile, akachuma kahawa yake, akazeeka pale. Na wajane walimjia, kutoka Uru, hata mmoja kutoka Bomang'ombe alipanda basi kumtafuta. Aliwakatia sale mpakani kwake na kuwaambia la kufanya. Wengine walishinda, wengine walifukuzwa vilevile. Hakuwadanganya. Wakimwuliza alisoma wapi mambo haya, alisema, "Mume wangu alisoma. Mimi nilimwuliza swali, akachelewa kunijibu."

Lakini la asubuhi ya pili yake, baada ya kulipokea sale la Filemon, alimsimulia Avelina tu, tena karibu na kufa. Jioni, baada ya Filemon kula na kuondoka, alikuwa amekwenda kaburini na lile sale, akalichomeka udongoni. Akasema, "Baba Avelina, amelileta mwenyewe. Inatosha sasa. Pumzika." Alingoja kikohozi. Hakukuwa na kitu.

Kulipopambazuka alitangulia watu wote mpaka mlangoni pa Filemon. Hakujifunga hata kitambaa kichwani. Alisema moyoni kwamba labda, kwa mazoea tu, litakuwepo sale moja. Akatazama kizingiti, akatazama uani, akainama akatazama chini ya benchi. Dominika alifungua mlango akamkuta ameketi kwenye udongo mtupu, analia kuliko alivyolia siku ya mazishi.