Siku Wifi Aliponikwangua Kidonda cha Chini ya Ulimi

Aibu ninayo mpaka leo, sikatai, lakini afadhali mlisikie hili kutoka kwangu kuliko kwa wifi yangu Mama Masatu, maana yeye akilisimulia anajigeuzaga daktari na mimi mgonjwa asiye na shukrani.

Ilikuwa miaka ile mitumba imeanza kuruhusiwa, nauza magauni sokoni Musoma, naishi Kamunyonge, na chini ya ulimi kikaniota kiuvimbe kama punje ya harage. Hospitali wakakikata, wakanishona nyuzi tatu. Daktari wa meno, kijana mpole, akaniambia, "Mama, sukutua maji ya chumvi ya uvuguvugu, usile cha moto wala pilipili, usiongee sana. Utaona utando mweupe juu ya kidonda. Si usaha huo, ndiyo nyama inapona. Usiuguse." Nikaitikia kwa kichwa, na nilielewa kabisa (ndiyo maana hasira nyingine ni ya kujikasirikia mwenyewe).

Siku ya nne wageni wa posa walikuwa wanatoka Kiabakari kuja Suguti kwa kaka yangu, kumposa binti yake Nyangeta, na shangazi ni mimi, mimi ndiye wa kusema "tumekubali". Nikasema neno moja halitanishinda. Nikaenda.

Nimefika tu, wifi, mke wa huyo kaka, akanivuta jikoni. "Hebu fungua mdomo." Na mimi, mtu mzima mwenye watoto wanne, nikafungua! Akaruka. "Mungu wangu, usaha! Unaoza, wifi!" Nikaanza kusema daktari alinikataza, ulimi wenyewe mzito, yeye ameshachovya kitambaa kwenye maji ya chumvi. "Tulia, nimeuguza watu wengi mimi." (Alimuuguza nani? Mbuzi?) Akakwangua. Machozi yakanitoka, damu ikaanza, nikawa naimeza, na hapohapo tukaitwa, wageni wameshakaa.

Hebu fikirieni, nimekaa mbele ya wazee, nameza, nameza, mshenga anaongea hamalizi, halafu kaka anasema kwa sauti, "Sasa shangazi atupe neno." Nikasimama niseme "tumekubali", ikatoka damu badala ya neno, ikachuruzika kidevuni mpaka kwenye kitenge changu kipya, na matone yakamfikia baba wa kijana kwenye shati lake jeupe. Yule mzee akasimama. "Huyu mama anatapika damu. Nyumba hii ina kifua kikuu." Wenzake wakaanza kutafuta viatu, huko ndani Nyangeta analia, na wifi yangu, wifi huyohuyo, akasema nini? "Hata mimi nilishamwambia anaumwa!"

Aliyetuokoa ni mama wa kijana, kumbe alikuwa mhudumu wa zahanati. Akanikalisha chini. "Fungua." (Wa pili siku hiyo!) Akachungulia. "Kaeni jamani, huyu katolewa uvimbe, nyuzi hizi hapa. Nani kakibandua kidonda?" Nikamnyooshea wifi kidole, wala sikuona haya. Akakunja kitambaa safi, akakibana chini ya ulimi kwa kidole chake nusu saa nzima, watu wote wakinitazama, mimi kinywa wazi kama kinda la ndege.

Kwa kuwa shangazi hana ulimi, Nyangeta akatoka mwenyewe, macho mekundu. "Baba, mimi nimemkubali." Wazee wakaguna, binti hajisemeagi, lakini baba wa kijana akajifuta shati, akakaa.

Kidonda ambacho kingepona kwa wiki mbili kikanila mwezi mzima, nakunywa uji wa baridi kama mtoto. Nyangeta yuko Kiabakari na watoto watano. Na wifi bado anawaambia watu kanisani kwamba angeniachia ule usaha ningekufa. Usaha gani? Nimeapa, mbele ya mwanamke yule sifungui tena mdomo kwa sababu yoyote ile, isipokuwa kumjibu.