Mchoro Safi wa Lumir Hajek

Vlasta Zalesky alipoukunjua ule mchoro wa nyaya juu ya meza ya jikoni, pembeni ya sahani ya kolache, vimkate vya Kicheki vyenye plamu, alidhani binti wa mzee Lumir aliyeutuma amekosea bahasha. Ulikuwa safi. Mistari imenyooka, umeme unaingia kushoto, sauti inatoka kulia, waya wa ardhini uko chini. Lumir Hajek huyu huyu? Labda aliyemfahamu yeye alikuwa mwingine.

Usione vyaelea, vimeundwa. Redio zilizotoka kiwandani mjini Cedar Rapids zilisifiwa kila mahali, lakini nani aliwahi kuuliza habari za chumba cha wachoraji? Humo Vlasta alizeekea, ameinamia meza iliyolala mshazari, akinyoosha michoro ya vurugu ya wahandisi kwa rula na wino ili mafundi wa chini wasiungue vidole. Na katika wahandisi wote, aliyemtia uchungu ni Lumir. Alichora nyuma ya ratiba ya besiboli, alichora kwenye mfuko wa mkate wenye siagi. Waya wake ulianzia katikati, ukazunguka ukingo wa karatasi kama mgeni anayetafuta choo, ukakatiza wenzake watano, ndipo ukakumbuka ulikokuwa unakwenda.

“Nani kamfungulia kuku ofisini?” Vlasta alikuwa akiuliza, chumba kizima kisikie.

“Kuku anataga, Bibi Rula,” Lumir akijibu. “Wewe kazi yako kuokota mayai.”

“Mayai gani haya? Huu waya unakwenda wapi?”

“Unakwenda nyumbani. Ufuate tu.”

Kisha aliweka kidole chake kinene juu ya karatasi, akaanza kuufuata taratibu huku akipiga mluzi wa polka, dansi ya Wacheki. Kidole kilipogota, alisema, “Umefika.” Na kweli umefika. Hilo Vlasta alilikubali hata siku ambazo angependa kumpiga na rula: mchoro wa Lumir ulikuwa mchafu, lakini haukuwahi kupungukiwa na kitu.

Siku zile zilikuwa tamu, tuseme ukweli. Harufu ya wino na vifutio, kahawa ya saa nne, watu wakigombania kuchonga penseli karibu na dirisha. Baadaye zikaja kompyuta, meza zikatolewa moja moja, na Vlasta akaenda nyumbani na rula yake. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, aliwaambia wenzake kwenye chai ya kumuaga. Lakini mwenyewe alijua kwamba wake umekwisha.

Sasa ukumbi wa dansi wa Wacheki wa mji ule ulikuwa unauzwa, na dansi ya mwisho ilipangwa Jumamosi baada ya Sikukuu ya Shukrani. Amplifaya ya ukumbi, mashine ya kukuza sauti, aliiunda Lumir mwenyewe, mwaka mkewe Agnes alipoanza kuimba na bendi. Agnes alikuwa amefariki zamani. Amplifaya nayo ilikuwa kimya, kwa sababu mjuaji mmoja aliifungua, akang'oa nyaya nusu, akashindwa kuzirudisha. Fundi wa mjini alisema hagusi kitu bila mchoro, na mchoro haukuwepo popote isipokuwa kichwani mwa Lumir. Ndipo Darlene, bintiye, akamketisha na penseli, kisha akamtumia Vlasta mchoro aunyooshe.

“Lakini Baba anasahau-sahau, Bibi Vlasta,” alimwambia kwenye simu. “Usitegemee sana.”

Vlasta kwanza alifurahi. Mzee amejifunza hatimaye! Kisha, kwa mazoea, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza akaufuata. Vali ya pili, moja ya zile taa za kioo zinazokuza sauti, haikuwa na njia ya kwenda ardhini. Nyaya mbili za umeme zilifika katikati zikaishia hewani. Karatasi ilikuwa safi kwa sababu nusu ya vitu havikuwemo. Nyaya zilizobaki zilikuwa chache mno hata za kukatizana. Vlasta alilia pale pale mezani, kolache zikamshinda.

Alipomaliza kulia akachukua karatasi nyingine, akafanya kitu ambacho hajawahi kufanya maishani: akachora vibaya. Mkono ulikataa. Kila mara ulitaka kunyooka, naye akaulazimisha kupinda. Akayachukua yale machache aliyoyakumbuka Lumir, akayatawanya anavyotawanya Lumir, akazungusha nyaya ukingoni jinsi alivyoziona maelfu ya mara. Asipojua waya unaishia wapi, aliuacha njiani.

Kesho yake akaenda. Lumir alikuwa amekaa dirishani, amevaa sweta lililokosewa vifungo.

“Karibu, mama,” alimwambia kwa adabu, kama mtu anavyomkaribisha mgeni wa kanisani. Adabu ile ilimuuma Vlasta kuliko tusi.

Akamwekea karatasi magotini. Lumir akaitazama, akakunja uso.

“Nani kachora uchafu huu?”

“Kuku,” Vlasta akasema.

Lumir akacheka kidogo, bila kujua anacheka nini. Kidole kikashuka kwenye karatasi. Kikatembea, kikazunguka ukingoni, kikakatiza waya mmoja, wa pili, wa tatu. Mluzi ukaanza. Kilipofika pale mstari ulipokatikia, hakikusimama. Kikaendelea juu ya karatasi tupu, kikapinda kushoto, kikashuka.

“Penseli,” Lumir akasema.

Darlene akakimbia kuileta. Mzee akachora waya ule mpaka ardhini, akarudi kuchukua mwingine. Alipokwama, Vlasta hakumsaidia, alimwambia tu, “Ufuate.” Jua lilikuwa limehama dirishani alipoweka penseli chini.

“Umefika,” akasema, akamsukumia karatasi. “Haya, kainyooshe, Bibi Rula. Mimi nimechoka.”

Vlasta aliinyoosha jioni hiyo hiyo, akampelekea fundi. Ile chafu aliibandika jikoni kwake.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka mlangoni. Amplifaya ilinguruma kidogo, kisha kodiani ikalipuka ukumbi mzima na wazee wakainuka kama vijana. Lumir alikuwa amekaa karibu na spika, amefunga macho. Kidole chake kilikuwa kinatembea juu ya goti, kinapinda, kinakatiza, kinarudi. Vlasta akamwinamia.

“Umefika?”

“Bado,” Lumir akasema. “Agnes hajaanza.”

Vlasta akavuta kiti, akakaa naye kungoja.