Zimwi la Shangazi Leokadia

Wino mweusi una harufu ya chuma kilicholowa, na hata leo nikifungua kichupa chake mwili hunisisimka kabla sijakumbuka sababu. Harufu hiyo ndiyo iliyojaa sebuleni kwa shangazi yangu Leokadia, pale Ushirombo, nilipokuwa na miaka tisa. Mama alikuwa amefariki masika yaliyotangulia, nami nikahamia kwa shangazi, aliyeishi na bibi.

Shangazi alikuwa mwalimu, na kwa kuwa mkono wake ulisifika, watu fulani wa Mwanza walimwomba achore picha za kitabu cha hadithi. Hadithi moja ilihusu zimwi la kisimani lililowaita watoto kwa sauti za mama zao. Mtoto akiitika, haonekani tena. Sura ya zimwi lenyewe haikutajwa hata kwa neno moja, na hapo ndipo shangazi alipokwama.

Mara ya kwanza alimwiga shetani aliyechorwa akikanyagwa na malaika ukutani mwa kanisa letu: pembe, mabawa ya popo, ulimi nje. Bibi aliitazama picha, akaguna.

"Huyu ni wa mapadri. Mtoto gani ataitika akiitwa na mwenye pembe?"

Basi shangazi akanichukua hadi kwa mzee mmoja aliyewahi kucheza ngoma ya nyoka. Kuta za ndani za nyumba yake zilichorwa kwa chokaa, masizi na udongo mwekundu: watu warefu wasio na macho, na nyoka aliyezunguka chumba kizima. Shangazi akauliza kwa heshima mbona watu wale hawana macho.

"Wakiwa nayo, mayu," mzee akajibu, akimwita mama kwa lugha ya kwetu, "si watakuona?"

Tulirudi nyumbani. Picha ya pili ikatokana na kuta zile. Safari hii bibi aliisogeza picha mbali naye. "Anatisha," akasema. "Ila bado hamwiti mtoto."

Siku chache baadaye nilitoka shule mchana nikakuta nyumba tupu, na mezani picha ya tatu, wino haujakauka. Palikuwa na kisima, na mwanamke aliyenipa kisogo. Bega lake la kushoto lilishuka kidogo, kama la mama. Kisigino kimoja kilikuwa kimeinuka, kana kwamba anaanza kugeuka. Kivuli chake kilielekea kulekule jua lilikotoka.

Nilijua ni zimwi. Nilijua pia ni mama.

"Abee, mama," nikaitika.

Kisha nikaigeuza karatasi ili nimwone uso. Nyuma palikuwa peupe.

Shangazi alinikuta nalia. Nilimrukia kwa ngumi. "Umemfanya mama zimwi!" Hakunizuia. Nilipochoka aliketi, akanipakata, akachukua kalamu, na kwenye ule upande mweupe akamchora mama akicheka, na mwanya wake.

"Upande huu ni wako," akasema. "Ule ni wa hadithi."

Kitabu kilipotoka, wenzangu darasani waliruka ukurasa ule. Nami sikumwambia yeyote kwamba yule mwanamke ana uso.

Sasa nafundisha uchoraji, na nimeona mazimwi ya wachoraji wa nchi nyingi, wengi wakihangaika na meno na kucha. Nimeelewa kwamba bibi alikuwa akidai jambo gumu zaidi: zimwi ambalo mtoto angelikimbilia. Lakini kwa nini mama? Nilikuja kumuuliza shangazi nikiwa tayari na watoto wangu.

Akasema kwamba baada ya mazishi ya mama, kila alipoenda kuchota maji, alimsikia wifi yake akimwita kwa jina, wazi kabisa, mchana kweupe.

"Nilimchora mgongo," akasema, "ili nisije nikaitika."

Miaka yote hiyo niliamini kwamba katika nyumba ile ni mimi peke yangu niliyemkosa mama.