Swali la Nne

Siku mdogo wangu alipopiga simu kuniambia kwamba wameomba hifadhi ya ukimbizi Marekani, nilikuwa uani kwangu Njombe naanika maharage, na jambo la kwanza nililomuuliza ni nani aliyekuwa anawapiga risasi. Akasema, "Dada, usianze."

Lakini nilikuwa nimeshaanza. Mimi nimefundisha shule za msingi zaidi ya miaka thelathini, na nusu ya miaka hiyo nilikuwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu haachi kuuliza kwa sababu tu ameombwa asiulize.

Mdogo wangu alikuwa muuguzi hospitali ya Ilembula. Huko ndiko alikokutana na kijana wa Kijerumani aliyekuja kufunga umeme wa jua, mtu mpole, anayekula ugali kwa uma na kuomba radhi. Walioana, wakahamia kwao, wakapata watoto wawili wa kike. Mimi sikujaliwa mtoto, na mume wangu alitangulia mapema, kwa hiyo hao wawili ndio watoto nilio nao duniani. Nimewashika mikononi mara moja tu, walipokuja likizo, yule mdogo akiwa bado anabebwa mgongoni. Mkubwa alinifuata kila nilikokwenda kwa wiki tatu, hata chooni akanisubiri mlangoni, na walipoondoka nilikuwa nageuka njiani kumwangalia kama anakuja.

Huyo mkubwa ndiye chanzo cha yote. Alipoanza shule kule Ujerumani, wenzake walimcheka nywele na rangi yake. Hakulia. Aliacha tu kusema. Muhula mzima mtoto hakusema neno, si shuleni wala nyumbani. Wazazi walikwenda kuzungumza na walimu, wakaahidiwa, wakangoja, na mwishowe wakamtoa, wakaanza kumfundisha wenyewe kwenye meza ya jikoni. Baada ya wiki chache alianza kusema tena, na maneno ya kwanza yalikuwa ya Kiswahili, kwa sababu mama yake ndiye aliyekuwa naye mchana.

Sheria ya kule hairuhusu hilo. Mtoto lazima aende shule, na mzazi anayemfundishia nyumbani anahesabiwa kuwa anamzuia. Barua zilikuja, ikaja faini, kisha ikaja barua ya mahakama kwamba wazazi wanaweza kuondolewa sehemu ya mamlaka ya kulea. Mdogo wangu alinitafsiria barua hiyo kwenye simu, na alipofika kwenye neno "sehemu" alirudia mara tatu, akaniuliza ni sehemu gani ya mtoto ambayo wangechukua. Hawakungoja kujua. Walikwenda Marekani kama watu wa matembezi, na walipofika wakaomba wasirudishwe.

Nitasema wazi nilivyofikiri wakati ule. Nilifikiri ni aibu. Mkimbizi ni mtu ambaye nyumba yake imechomwa. Mtu ambaye nchi yake inamwambia peleka mtoto shule, tena shule ya bure yenye madirisha na vitabu, huyo si mkimbizi. Huyo ana ugomvi na mwalimu. Na mimi nimewaona sana wazazi wenye ugomvi na mwalimu.

Nilipokuwa mwalimu mkuu Iwawa, upande wa Makete, msimu wa kuvuna viazi madarasa yalibaki nusu. Niliongozana na mtendaji wa kijiji, nyumba kwa nyumba, nikiwa na daftari la mahudhurio kwapani na koti la marehemu mume wangu juu ya gauni, maana baridi ya Iwawa haina adabu. Tuliwakuta watoto shambani wamejaa udongo hadi masikioni. Wazazi waliitwa kwa mtendaji, wengine wakaketishwa pale kutwa nzima. Mmoja, baba wa watoto wanne, aliniambia mbele ya watu wote: "Mwalimu, huyu namfundisha mimi. Wewe unamfundisha kuondoka." Nilimjibu kwamba sheria haijamuuliza anafundisha nini. Watu walicheka, nami nilijisikia nimeshinda. Mtoto wake alirudi darasani siku ya pili, na leo ni fundi wa umeme wa magari Makambako, na hajarudi kwao kwa miaka mingi.

Lakini katika familia yetu aliyeanza kumfundishia mtoto nyumbani ni mimi. Mdogo wangu alipokuwa na miaka minane aliteleza kwenye ngazi ya kanisa akavunjika paja. Alikaa mwaka karibu mzima bila kwenda shule. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja nafasi ya chuo cha ualimu, na kwa kukosa kazi nikamfanya mwanafunzi wangu. Tulikaa jikoni kwa mama, karibu na moto, tukiandika kwa mkaa kwenye vipande vya mbao ambavyo baba alitoka navyo kiwanda cha mbao alikofanya kazi. Akijibu vizuri nilimpa kiazi cha kuchoma. Akikosa nilikila mwenyewe mbele yake, polepole, huku akinitukana kwa Kibena, lugha ya kwetu. Aliporudi shule alikuwa amewapita wenzake wote. Nimepata vyeti vingi vya ualimu bora, lakini sijawahi kufundisha vizuri kama mwaka ule, na sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena.

"Wewe ndiye uliyenionyesha kwamba inawezekana," mdogo wangu aliniambia siku ile ya simu. Nikamwambia maharage yanataka kugeuzwa.

Baada ya miezi miwili alipiga tena. Wakili wao wa kule alikuwa amekutana na kikwazo. Shemeji na watoto ni raia wa Ujerumani, lakini mdogo wangu bado ana pasipoti ya Tanzania, na waamuzi wa maombi yao walitaka kujua kwa nini familia isihamie kwetu tu. Wakili alihitaji barua kutoka kwa mtu anayejua shule za huku. Na katika ndugu wote, aliyemfaa ni mimi, si kwa udada wangu, bali kwa yale ya Makete. Alitaka niandike jinsi nilivyowafuata wazazi, jinsi walivyoitwa na kuketishwa. Kazi niliyojivunia maisha yangu yote ilikuwa sasa ushahidi kwamba kwetu nako kuna kuonewa, na mwonevu ni mimi.

Nilikasirika kwa siku mbili. Siku ya tatu nilimkumbuka yule baba wa watoto wanne, jinsi alivyokuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili wakati watu wanacheka. Sikubadili mawazo yangu yote. Bado naamini mtoto anatakiwa kuwa shule. Ila nilianza kuona kwamba mtu anaweza kuwa na sheria upande wake na bado akawa amemkanyaga mtu.

Wakili alituma maswali matano. Matatu ya kwanza yalihusu sheria na kazi yangu, na la tano lilikuwa la afya ya mtoto. La nne liliuliza hivi: je, familia hii ina ndugu aliye tayari kuwapokea na kuishi nao nchini Tanzania?

Mdogo wangu alipiga simu kwa ajili ya hilo la nne tu. "Dada, hapo ujibu hapana."

"Nina vyumba vitatu," nilimwambia. "Nalala kimoja."

"Najua."

"Shule ya watawa iko hatua chache kutoka hapa. Hakuna wa kumcheka rangi. Wakimcheka, nitakuwa nimesimama getini."

"Dada." Sauti yake ilishuka. "Shemeji yako hawezi kupata kazi huko. Na mtoto akiona darasa tu anatetemeka, lolote, hata kwenye picha. Huko napo watamtaka shule, wewe mwenyewe unajua. Ukisema ndiyo, watatuambia tuje. Na hatutakuja, dada. Tutarudishwa Ujerumani."

Sijui kama alisema kweli kuhusu hayo yote. Ninachojua ni kwamba aliposema "hatutakuja" nilikaa chini kwenye ngazi ya mlango. Miaka yote nilikuwa nimejiambia watakuja wakishapata nafasi. Chumba cha nyuma nilikipiga plasta kwa ajili yao, nikaweka dari kwa sababu watoto wa Ulaya hawajazoea kuona mabati. Nilipanda miparachichi miwili, kila mtoto wake, na mmoja ulikuwa umeshaanza kuzaa. Nilikula yale maparachichi peke yangu, na mengine nikawagawia majirani, nikiwaambia ni ya mtoto.

Niliandika kwa mkono, kwa Kiswahili, maana wakili alisema watatafsiri wenyewe. Majibu matatu ya kwanza yalitoka haraka, na yote ni kweli: sheria yetu inamtaka mzazi aandikishe mtoto na kuhakikisha anahudhuria, na mimi niliitekeleza. Lile la tano nililiandika nikilia. Kisha nikarudi juu kwenye la nne, ambako nilikuwa nimeacha nafasi. Nilichemsha chai. Nilifagia uwanja uliokuwa umeshafagiwa. Halafu nikaandika: "Mimi ni mjane mstaafu na nyumba yangu ni ndogo. Sitaweza kuwapokea." Nikaikunja karatasi upesi kabla sijaisoma.

Barua ilitakiwa muhuri wa wakili wa huku, naye nilimpata Makambako, kwa sababu wa Njombe wote walisoma kwangu au watoto wao walisoma kwangu. Ofisi yake iko nyuma ya duka la vipuri vya malori, na upepo wa Makambako unapita chini ya mlango ukipeperusha makaratasi, kwa hiyo kila rundo limewekewa kipande cha chuma juu. Yeye ni Mwislamu kutoka Kigoma, mtu mzima, taratibu. Alisoma barua yangu yote bila kuharakisha.

"Kwetu tumeishi na wakimbizi," alisema. "Nilikuwa mdogo. Walivuka mpaka na magodoro kichwani. Hakuna aliyewauliza barua."

"Na hawa je, wakili? Wewe ungewapa?"

Alifikiri. "Mtu akikimbia na mtoto wake mkononi, mimi kwanza namfungulia. Kama alikimbia bure, nitamuuliza akishakula." Kisha akaweka kidole kwenye jibu la nne. "Mwalimu, hili ni kweli?"

Kwa miaka zaidi ya thelathini niliwachapa watoto kwa kusema uongo. "Ni kweli," nilisema.

"Haya. Mimi nashuhudia saini. Ya moyoni hayanihusu." Nikatia saini, akagonga muhuri, na nikasafiri kurudi Njombe nikiwa na hasira na kila mtu ndani ya gari, hata mama mmoja aliyenipa kiti chake.

Hayo yalipita. Hadi leo hawajapewa jibu. Ila tangu hapo mdogo wangu aliweka utaratibu mpya, labda kwa kunishukuru, labda kwa kunihurumia. Kila Jumapili, mimi nikitoka misa, binti yake mkubwa hunipigia kwa video na kunisomea Kiswahili. Ndilo somo lake la Kiswahili, na mimi ndiye mkaguzi. Sasa ana miaka kumi. Huanza kwa salamu ya Kibena, "Kamwene, mama mkubwa," kwa lafudhi inayonifanya nicheke na kutaka kumla. Amesoma vitabu vyote vya darasa la pili nilivyomtumia. Shule isingempa hilo, nakiri, wala mimi nisingekuwa na Jumapili hizo.

Wiki tatu zilizopita alitokea kwenye kioo cha simu akiwa anatabasamu na kitu amekificha mgongoni. Mama yake alikuwa kazini. Alisema leo hasomi kitabu, anasoma kitu nilichoandika mimi mwenyewe, amekipata kwenye faili la mama, na amefanya mazoezi peke yake ili anishangaze. Akainua karatasi. Nikauona mwandiko wangu na muhuri wa Makambako.

Ningeweza kumzuia. Ningeweza kusema mtandao unakatika, watu wazima tunafanya hivyo kila siku. Lakini alikuwa ameshaanza, na alikuwa anasoma vizuri mno. Kwenye nukta alipumzika, neno "kuhakikisha" alilimega vipande vitatu akaliunganisha tena. Alifika la nne. Akasoma polepole, kidole chini ya kila neno. Kisha akanyanyua uso.

"Mama mkubwa, 'kuwapokea', hao ni sisi?"

"Ndiyo. Ni ninyi."

"Kwa nini hutaweza?"

Niliangalia pembeni, kwenye ukuta wangu. "Si umesoma? Nyumba ni ndogo."

Alihesabu jambo fulani kichwani. "Lakini na sisi bado ni wadogo," alisema. "Na mimi ninaweza kulala chini."

Nilitaka kumwambia kila kitu. Mdomo ulifunguka kabisa. Halafu nikamwona mama yake amesimama kwenye ngazi fulani ya mahakama nisiyoijua, ameshika mikono ya watoto wawili, nikaufunga mdomo.

Nikamwambia amesoma vizuri sana, hakukosea hata neno moja.