Tableti ya Dalali wa Mbuzi

Jumamosi, tarehe tano Julai. Baridi ya kukaza mifupa, mawingu yamekaa chini tangu asubuhi, na manyunyu yasiyojua kama yanataka kunyesha au kuacha. Nguo nilizofua juzi bado ziko kwa kamba.

Leo tumeenda mjini kununua tableti. Mpango wangu ulikuwa niende peke yangu, lakini mume wangu alishavaa koti na kusimama mlangoni, na mtu akishasimama mlangoni amevaa koti huwezi kumwambia abaki.

Yeye ni dalali wa mbuzi hapa soko la Dagoretti. Mwaka jana alipasuliwa koo, ugonjwa ukatolewa, na sauti ikatoka nao. Anakula, anatembea, nguvu zake anazo. Kuongea ndiko hawezi, na udalali ni kuongea. Nyumbani anaongea kwa laptopu kuukuu: anaandika, inasema. Lakini betri yake ilikufa zamani, kwa hivyo mume wangu anaongea akiwa karibu na soketi tu. Akivuka mlango amenyamaza. Nafasi yake sokoni imeshikwa na mwenzake, mtu mwema, ila wiki hii ameuliza mara ya pili, kwa adabu, kama baba, ndivyo ninavyomwita mume wangu, atarudi au aiweke iwe yake.

Laptopu hiyo ilitiwa Linux na mzee anayeshughulika na vipaza sauti kanisani kwetu. Linux, nikielewa sawasawa, ni ule mfumo unaoendesha kompyuta, tena wa bure, na unaweza kuujaribu kutoka kwa flash bila kugusa kilichomo ndani. Niliishia darasa la nane, kwa hivyo kama nimekosea anisahihishe anayejua. Humo ndani wamepanga vifupisho: baba akibonyeza herufi mbili, mashine inasema sentensi nzima aliyoitunga yeye. Nyingine ni za Kikuyu, alizozisumbua mpaka mashine ikakubali kuzitamka. Simu yake nayo inasoma maandishi, sitaki kuidharau, lakini kila neno aliandike upya, na mwenye mbuzi hakungoji umalize kuandika. Sauti ya laptopu ni kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya debe. Ameizoea. Mimi pia, nadhani.

Mzee wa kanisa alituwekea kila kitu kwa flash, vifupisho pamoja. Akasema tableti mpya zile za bei ya chini, ambazo kwa kweli ni simu kubwa, nyingi hazikubali Linux kirahisi. Tutafute zile zilizokuwa kompyuta za ofisi ng'ambo. Nikamuuliza ipi hasa. Akasema, "Mama, mimi ni wa spika. Chomeka, uone."

Duka tuliloingia liko ghorofani, katikati ya mji, chumba kimegawanywa vibanda hata mgongo wako uko kwa mtu na uso kwa mwingine.

"Karibu mathe. Unatafutia mtoto wa shule?"

"Natafutia huyu," nikasema.

Muuzaji akamtazama baba, akarudisha macho kwangu. "Mzee anataka ya kuangalia habari?"

Nikaeleza. Nilieleza vibaya, nilianzia hospitali. Lakini nimtendee haki huyo muuzaji: alinisikiliza mpaka mwisho, na aliponiona na flash hakukataa, ingawa aliichungulia kama ina kutu. "Isiwe tu umeniletea virusi," akasema, akacheka.

Alitoa kwanza nyembamba, nyepesi kama daftari la shule. Niliipenda hapo hapo. Nilishaiona ndani ya mfuko wa koti la baba, haionekani. Flash ikachomekwa, akashikilia vitufe fulani ikiwaka, na Linux ikaja, ila imelala ubavu, maandishi yote yanapanda ukutani. Akaigeuza. Kugusa kwa kidole kunafanya kazi. Intaneti inashika. Nikaanza kutafuta pesa kwenye mkoba.

Baba akabonyeza herufi zake mbili. Kimya.

Akabonyeza tena. Muuzaji akapandisha sauti, akachomeka earphone, akaivua, akaipuliza. Kimya. Akaturudishia mfumo uliokuja nayo, wimbo ukalia vizuri kabisa. Akarudi Linux. Kimya.

"Sauti itakuja ikishafanya update," akasema.

Nikasogea dirishani nikampigia mzee wa kanisa. "Nyingine hukubali kila kitu zikakataa sauti," akasema. "Pengine iko dawa, pengine haiko. Mimi siijui. Usinunue inayonyamaza leo kwa ahadi ya kesho."

Nimeandika hayo kama rahisi, lakini nilisimama pale dirishani nikitafuta njia ya kuinunua hata hivyo. Ni nyepesi, bei yake tunaiweza, na nilikuwa nimechoka kutafuta. Muuzaji alileta spika ndogo isiyo na waya, tukaiunganisha, mashine ikasema. Nikamgeukia baba nikiwa na furaha. Akatikisa kichwa. Akaandika kwa simu yake akanionyesha: *Mkono mmoja tableti, mwingine spika. Mbuzi nitamshika na nini?*

Ile tableti haina kosa. Mtu mwenye sauti yake ingemfaa sana.

Ya pili ilitoka chini ya meza. Nzito, imetumika ofisini, pembe moja ina ufa, kibodi yake unaibandua na kuibandika. Linux ikawaka imesimama wima. Kamera haikufungua, na kugusa kulichelewa kidogo mwanzoni. Baba akabonyeza.

"UMEMNYWESHA MAJI HUYU," ikasema, kwa sauti ya debe, na vibanda vyote vikageuka.

Muuzaji akashtuka. "Nani amenywesha nani?"

Nikamweleza, nikiona aibu, kwamba vifupisho vyote ni vya sokoni. Kuna wauzaji humpa mbuzi maji na chumvi ili tumbo lijae, na dalali ni lazima aseme.

Baba hakuona aibu. Aliigeuza tableti, akaibonyeza mgongo kwa dole gumba, vile anavyotafuta nyama juu ya uti wa mgongo. Akapitisha ukucha kwenye ufa.

"MENO YAMEKWISHA."

"Mzee, hii si mbuzi!" muuzaji akasema. Mama wa kibanda cha chaja alikuwa ameshika mbavu kwa kicheko.

"MIMI SI MGENI HAPA. SHUSHA, TWENDE."

"Mathe, mwambie mzee hii bei nimemfanyia tu kwa sababu..."

Baba akainua kidole. Safari hii hakutumia kifupisho, aliandika, herufi moja moja, na sote tukangoja.

"Ongea na mimi."

Muuzaji akazunguka meza akaja upande wake, akasimama bega kwa bega naye, wote wanakitazama kile kioo. "Sawa, boss. Tuongee." Tangu hapo hakuna aliyeniuliza kitu. Nilidhani nitafurahi. Badala yake sikujua mikono yangu niiweke wapi, nikafungua mkoba, nikaufunga, nikapanga upya earphone za watu. Mara mbili nilitaka kuingilia, baba alipokuwa akiandika polepole na muuzaji akianza kupoteza subira. Mara moja niliingilia. Baba hakunitazama.

Walipatana. Muuzaji alishusha kidogo, akaongeza chaja na kifuniko, na akasema bila kuulizwa, "Betri ni ya mkono wa pili, boss. Haitakutoa asubuhi mpaka jioni." Angeweza kunyamaza.

Nilijua tunarudi nyumbani mzee wa kanisa aje aiweke Linux ndani kabisa. Lakini tuliposhuka kwenye steji Dagoretti baba akashika njia ya sokoni, flash bado imetokeza ubavuni mwa tableti kama kijiti.

"Baba, manyunyu! Na haijachajiwa ikajaa!"

Akaivisha mfuko wa nailoni, akabonyeza kupitia nailoni.

"NIKO KAZINI."

Basi nikarudi peke yangu. Sikukaa. Nilianua nguo mbichi nikazianika tena. Nilienda hadi kona ambapo soko linaonekana, nikarudi, kwa sababu mke kuchungulia ni kumwambia mtu humwamini, na kutochungulia ni nini? Niliwaza vile ile nyepesi ingemkaa mkononi. Niliwaza wakimcheka. Niliwaza kwamba kama ikimzimikia mbele ya watu hatarudi tena sokoni, na mimi ndiye niliyepanga inunuliwe leo.

Alirudi giza likianza, viatu vimejaa tope na mavi ya mbuzi, na mfuko mwingine umevimba mkononi. Nikangoja achomeke chaja.

"Wamecheka?" nikauliza.

"Wamecheka," ikasema. "Halafu wakauliza bei."

Mbuzi wa kwanza alimuuza yeye mwenyewe. Kwa wa pili tableti ilizimika katikati ya maneno, akaendelea kwa vidole na macho mpaka mnunuzi akachanganyikiwa. Yule mwenzake akaja akamalizia, wakagawana malipo ya udalali. Kwa hivyo siwezi kusema tumechagua vizuri. Nusu siku, tuseme. Jumatatu anataka kurudi, na kutafuta betri ya kuchajia njiani ni kazi nyingine.

Mwenzake hakuuliza tena habari ya ile nafasi. Alimsaidia tu kufunga kamba.

Mfukoni mlikuwa na matumbo, aliyopewa na aliyemnunua mbuzi wa kwanza. Niliyaosha kwa maji moto mara nyingi, nikayachemsha, nikayakaanga na kitunguu na nyanya na pilipili hoho moja iliyobaki. Tumeyala na ugali na mboga ya managu. Yalikuwa bado magumu kidogo, sikuwa na subira ya kuyangoja.