Demak au Tegal: Fumbo la Mwisho la Kinyozi Paimo

Kwa miaka kumi na tisa, kila Jumatatu, kinyozi Paimo alipeleka kadi ya majibu kwenye posta ya mji wa Kutoarjo, kisiwani Java. Kisha alisubiri wiki sita mpaka gazeti la Jumapili litoe majina ya washindi watano wa fumbo la maneno, waliobahatika kwa kura. Jina lake halikutoka hata mara moja. Waliotoka ni majirani zake wa sokoni. Bu Jumirah, yaani Mama Jumirah, muuza dawa za mitishamba, alishinda pasi. Fundi cherehani wa mlango wa mashariki alishinda mwavuli. Hata mchinja kuku, ambaye hajawahi kusoma kitu kirefu kuliko bango la sinema, alishinda saa ya ukutani. Na wote hao kadi zao ziliandikwa na Paimo.

Mambo yalikuwa hivyo kwa sababu ya namna yake ya kufumbua. Paimo hakubahatisha. Kidokezo kikisema "tunda, herufi tano", alichukua penseli akaandika pembeni mwa gazeti majina yote ya Kiindonesia yanayoingia: salak, nanas, jambu, jeruk. Halafu alifumbua maneno yanayokatiza hapo, na kila herufi iliyopatikana ilifukuza moja. Kalamu ya wino haikutoka mfukoni mpaka limebaki moja tu. Wauza matunda walimpigia kelele kutoka ng'ambo ya njia, wakimwita Pak, yaani Bwana, kila mmoja akitetea bidhaa yake.

"Weka jambu, Pak Paimo. Leo nimeleta kapu zima."

"Fumbo halijui umeleta nini, mama."

Wateja nao walijifunza subira. Bwana mmoja wa ofisi ya misitu aliwahi kukaa robo saa akiwa amenyolewa upande mmoja wa kichwa.

"Pak Paimo, nina harusi saa nne."

"Wewe ndiye bwana harusi?"

"Ndimi."

"Basi haiwezi kuanza bila wewe. Mto wa Java, herufi nne, unaanza na O."

"Opak. Sasa ninyoe, nakuomba."

Siku nyingine, hata baada ya kazi yote hiyo, maneno mawili yalibaki na hakuna herufi ya kuyatenganisha. Gazeti lilitaka kadi moja kwa mtu mmoja, na Paimo alikuwa mtu wa sala tano, hakutafuta njia ya panya. Jibu lililoupendeza moyo wake aliliandika kwenye kadi yake. La pili alimwandikia jirani kwenye kadi nyingine, kwa ridhaa yake, kwa jina lake na anwani ya nyumbani kwake. Mara tatu la jirani ndilo lililokuwa sahihi na likashinda.

"We endelea tu kukosea, Pak Paimo," Bu Jumirah alimwambia mbele ya watu. "Pasi yangu imeanza kuchakaa."

Naye alicheka mpaka mkasi ukatikisika, na mteja akashika sikio lake kwa tahadhari.

Wuryani, binti yake wa pekee, aliuza daftari na kalamu meza tatu kutoka kibanda cha baba, kwenye ukuta wa kusini wa soko. Macho ya baba yalipoanza kufifia, yeye ndiye aliyemsomea vidokezo. Alijua kwamba baba hakutaka pasi wala mwavuli. Siku moja alimwuliza anatafuta nini hasa.

"Nataka nione tu jina langu limepigwa chapa," Paimo alijibu. "Paimo, kwa herufi za mashine. Mara moja inatosha."

Mungu alimchukua siku ya Ijumaa, baada ya sala ya Ijumaa msikitini, akiwa amekaa kwenye kiti chake mwenyewe cha kunyolea. Tasrip, dereva wa becak, baiskeli ya abiria, ambaye kwa miaka mingi aliegesha ubavuni mwa kibanda, alidhani rafiki yake amesinzia. Akamfunika uso kwa kofia inzi wasimsumbue, akakaa kumlinda. Kwa saa nzima aliwanyamazisha wapita njia ili mwenzake apumzike vizuri.

Siku saba majirani walikuja kusoma Yasini. Siku ya tisa, Jumamosi, Wuryani alifungua kibanda ili afagie. Chini ya taulo iliyotundikwa msumarini alikuta gazeti la Jumapili ile ya mwisho, limekunjwa mara nne. Fumbo lilikuwa limejaa wino, isipokuwa mstari mmoja. Namba thelathini na moja, kwenda kulia: mji wa Java, herufi tano. E ilikuwa imeshakaa ya pili, na A ya nne. Pembeni, kwa penseli, Kudus, Blora na Tuban zilikuwa zimekatwa. Mbili zilibaki: Demak na Tegal.

Mwisho wa kupokea kadi ulikuwa Jumatano, na zawadi ni taulo mbili. Wuryani alihesabu kwa vidole. Orodha ingetoka Jumapili, siku mbili kabla ya dua ya arobaini. Akaona kama nafasi ya mwisho imewekwa mkononi mwake, ya jina la baba kupigwa chapa.

Lakini je, inafaa kutuma kadi kwa jina la mtu aliyekwisha kwenda? Alimwendea imam wa mtaa, Pak Rohmat, akamkuta anapalilia pilipili.

"Akishinda, nani atatia sahihi ya kupokea?" imam aliuliza.

"Mimi."

"Kwa jina lake?"

Wuryani aliinama, akang'oa gugu moja.

"Mwanangu, baba yako hashindanii taulo tena. Mwombee. Kadi andika ya kwako."

Alirudi kibandani ameinamisha kichwa. Alipoketi na kadi tupu mbele yake ndipo akili ikamjia. Kwenye hati ya ndoa ya mama yake, na kwenye ubao wa kaburi, watu huandikwa pamoja na majina ya baba zao. Akaandika: Wuryani binti Paimo. Akalisoma jina hilo mara mbili. Halikuwa na uongo ndani yake.

Sasa lilibaki jibu.

"Demak," alisema Bu Jumirah, aliyekuja na chupa ya manjano na tangawizi. "Msikiti mkuu uko Demak. Atakayetunga fumbo akaacha Demak ana kasoro."

"Tegal," alisema Tasrip kutoka kwenye becak yake, bila kuinua kofia. "Nimekula kwa mama lishe wa Tegal kila mji niliofika. Sijawahi kula kwa mtu wa Demak."

"Tumbo lako ndilo linalofumbua?"

"Kichwa changu kiliacha shule darasa la tatu, Bu. Tumbo liliendelea na masomo."

Wuryani alicheka, na akashtuka kusikia sauti yake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile Ijumaa. Alikumbuka kwamba wazazi wake walikwenda kuswali Demak mwaka aliozaliwa yeye, na moyo ukaelemea huko. Akachukua kalamu ya baba, akajaza Demak kwa wino.

Kisha akakumbuka desturi ya baba. Jibu la pili ni la jirani.

"Mjomba Tasrip, Tegal ni yako. Utaandika mwenyewe?"

"Mimi? Sijawahi kutuma kadi maishani. Nampelekea nani habari?"

Shida ilikuwa kuponi, kwani kila kadi ilitaka kuponi yake iliyokatwa gazetini. Bu Jumirah akaondoka, akarudi na ukurasa uleule wa fumbo aliokuwa amefungia manjano. Kuponi ilikuwa ya njano kama wali wa sikukuu, lakini ilisomeka. Tasrip akaketi kwenye kiti cha kunyolea, kadi juu ya mkono wa kiti, akaandika herufi mojamoja, ulimi nje.

"Wanataka anwani," alisema. "Mimi nalala ndani ya becak. Niandike chini ya gurudumu la kushoto?"

"Andika mahali ambapo mtu akikutafuta atakupata."

Tasrip alifikiri kidogo, akaandika, akaifunika kadi kwa kiganja kama mtoto kwenye mtihani. Akaenda kuitia posta mwenyewe, pamoja na ya Wuryani.

Jumapili ya siku ya thelathini na nane, Wuryani alinunua gazeti kabla meza yake haijafunguliwa. Alitazama majibu kwanza. Thelathini na moja, kwenda kulia: Tegal.

Aliinamisha gazeti. Alisema astaghfirullah kwa sababu alikuwa amekasirika, na hakujua amemkasirikia nani. Bu Jumirah akamwona kwa mbali.

"Umekosea kama baba yako?"

"Kama baba yangu kabisa."

"Basi tazama aliyeshinda. Baba yako alipokosea, mimi nilipata pasi."

Wuryani akapeleka kidole kwenye orodha. Wa kwanza alikuwa wa Magelang, wa pili wa Surabaya, wa tatu mwalimu fulani wa Klaten. Kwenye wa nne kidole kilisimama. Herufi zilikuwa ndogo, za mashine, nyeusi kabisa: Tasrip, kwa Kinyozi Paimo, ukuta wa kusini wa soko, Kutoarjo.

Alilibeba gazeti mpaka kwenye becak, akalisogeza mbele ya macho ya Tasrip, akaweka kidole chini ya mstari.

Tasrip alisoma polepole. Alipofika neno la nne akavua kofia.

"Uliniambia niandike mahali nitakapopatikana," alisema. "Ni hapohapo tu."

Jumanne, baada ya dua ya arobaini, wali ulipokuwa unagawanywa, imam aliliomba gazeti akausoma mstari ule kwa sauti, pamoja na ukuta wa kusini. Wazee wawili wakaitikia amina kwa mazoea. Zawadi ilikuwa taulo mbili, na Tasrip aliapa kwamba moja itatundikwa kibandani, kwenye msumari uleule. Bu Jumirah alitaka kujua nani atanyoa.

Wuryani hakuwasikia vizuri. Alikuwa na gazeti jipya mapajani. Mnyama, herufi nne. Akachukua penseli, akaanza kuwaandika wote pembeni.