Chaki Juu ya Siti ya Baiskeli

Mwanahawa aliitundika baiskeli yake ukutani na kuniambia kwa upole, "Mwili wangu huu haukuumbiwa baiskeli, shoga. Nyie endeleeni." Alikuwa wa nne kuacha. Tulianza wanawake sita hapa Unguja, tukiendesha kila Jumapili asubuhi, na nguo za kuendeshea nilizishona mimi: suruali nyeusi yenye sponji ndani, na gauni pana la juu la kutustiri. Mimi nimekuwa fundi cherehani kwa miaka ishirini, na nguo zile nilijivunia. Lakini kila mmoja alirudi na michubuko, na kila mmoja aliulaumu mwili wake. Hata mimi ziliniumiza, nikanyamaza. Kuacha kwa Mwanahawa kuliniuma zaidi, kwa sababu baiskeli ndiyo iliyomtoa ndani baada ya kufiwa na mumewe. Niliposikia kwamba huko Konde, Pemba, yuko fundi anayewashonea waendesha baiskeli, nilifunga safari. Niliamua kwenda kwa baiskeli, nikiwa ndani ya suruali yangu mwenyewe.

Bandarini Mkoani, kusini mwa Pemba, saa tano asubuhi, boti ilitushusha mimi na baiskeli. Hakuna aliyeniambia habari za vilima. Sisi watu wa mjini tumezoea barabara tambarare, kumbe Pemba unapanda, unashuka, halafu unapanda tena. Kilima cha kwanza nilikipanda nikicheka. Juu yake nilisimama, mdomo wazi: mikarafuu imefunika miteremko yote, chini bonde la mpunga, na nyuma yake kipande cha bahari kimeingia katikati ya mashamba. Nilisema subhanallah peke yangu, kwa sauti. Kufika kilima cha tatu sikuwa tena na macho ya kutazama kitu. Sponji ilikuwa imelowa jasho, na mishono ya chini ilinikata kama uzi wa nailoni.

Chake Chake nilifika alasiri, kwa shangazi yangu. Aliniwekea wali na samaki kwenye mkeka, nami nikala nimesimama, sahani mkononi.

"Weye una nini, hukai?" aliuliza.

"Nimekaa kutwa nzima, shangazi."

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio, kisha akanipa mafuta ya nazi, bila maswali zaidi.

Siku ya pili niliondoka baada ya sala ya alfajiri. Kuanzia kijiji cha Ole karafuu zilikuwa zimeanikwa majamvini kando ya barabara, na kwa mwendo mrefu sikunusa kitu kingine. Kila gari la abiria lililonipita, mtu mmoja alichungulia nyuma na kunipa pole. Nilistahili pole zote zile, maana vilima viwili vya mwisho nilivipanda kwa miguu, baiskeli naikokota.

Konde nilimkuta fundi mwenyewe, Bi Mize, barazani, nyuma ya safu ya maduka, mbele ya cherehani ya miguu. Ni mama wa makamo, mwembamba, futi ya kupimia shingoni. Tulisalimiana, akanikaribisha maji, nikamweleza shida yangu. Sikumwambia kazi yangu.

"Baiskeli yako i wapi?"

"Ipo mbele ya maduka, Bi Mize."

"Haya, ilete. Iegemeze nguzoni, kisha uipande."

Nikashangaa. Yeye tayari ameshika futi. Alinipima nikiwa nimekaa juu ya baiskeli, mikono kwenye usukani: kiuno mgongoni, kiuno tumboni, goti likiwa limekunjwa. Nimepima maelfu ya watu maishani mwangu, na wote walisimama wima mbele yangu.

"Ntu hapimwi kasimama," alisema. "Ntu kasimama ni ntu mwengine."

Kisha alisaga chaki ya fundi mpaka ikawa unga, akaipaka siti yote, akaniambia nizunguke nyumba mara mbili. Niliporudi aliniingiza chumbani, nikavua suruali, akaitandaza dirishani. Kwenye kitambaa cheusi palikuwa na madoa mawili meupe, kila moja na upana wa kiganja. Mishono yangu minne ilikutana katikati ya doa la kulia.

"Nani kashona hii?"

"Fundi mmoja wa mjini," nikasema.

Akaitazama ncha ya kidole changu, yenye alama za sindano, kisha akachukua mkasi.

Alikata kipande kimoja kipana cha kukaa kwenye msamba, kama kikwapa cha kanzu, kile kipande cha chini ya mkono, ili mishono yote ipite nje ya madoa. Sponji aliitupa. Badala yake aliweka tabaka mbili za kikoi kilichofuliwa mpaka kikalainika. Kiuno cha nyuma alikipandisha, cha mbele akakishusha. Nilikaa nikimtazama. Nilimuuliza alijifunza wapi kuendesha.

"Miye? Sijapanda hata siku moja. Marehemu mume wangu akiuza pweza, akitoka pwani mpaka hapa kwa baiskeli kila siku. Suruali zake zikipasuka pahala pamoja. Nikatia kiraka, kikapasuka kiraka. Nkajua nguo yanambia kitu."

Wakati wa kuagana alinishika mkono. "Mwambie huyo fundi wa mjini mkono wake nzuri. Kakosea pa kuweka nshono tu."

Safari ya kurudi sina mengi ya kueleza, kwa sababu hakuna kilichoniuma. Vilima nilivipanda vyote, na macho yangu yalirudi kwenye mikarafuu. Chake Chake nilikaa mkekani, nikala, na shangazi akacheka tena.

Unguja sikupita hata kwangu. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mwanahawa, nikaitungua baiskeli yake, nikaiegemeza ukutani, nikaanza kupaka chaki kwenye siti.

"Nilishakwambia, mwili wangu…"

"Mwili wako hauna kosa, shoga. Nimekosea mimi kushona. Nikanyamaza nyie mkijilaumu, na mimi nguo zikiniumiza vilevile."

Aligusa chaki kwa kidole. Nilidhani atanifukuza, na angekuwa na haki. Kisha alikusanya gauni lake, akapanda, akashika usukani kwa mikono miwili.

Nikatoa futi, nikampima akiwa amekaa.